Matandazo ya zamani yasiondolewe yote mvua ikiwa njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu makala ya bustani iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo iliwashauri wasomaji wanaoishi katika maeneo ya mvua nyingi wakwangue matandazo yote ya zamani kila mwaka kabla ya msimu wa mvua, hadi udongo mtupu uonekane, kisha wauache upumue kwa wiki mbili au tatu ndipo watandaze mapya. Mwandishi wa makala ile alieleza vizuri faida za matandazo, na katika hilo sina la kumpinga. Lakini ushauri wa kuuvua udongo nguo zake wakati mawingu yamekwisha kutanda unaweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya miaka. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuufuata mimi mwenyewe, na hasara yake naikumbuka.

Kwa wasomaji ambao neno hili ni geni kwao, matandazo ni kitu chochote kinachotandazwa juu ya udongo ili kuufunika: majani makavu, nyasi zilizokatwa, mabua, magome na vipande vya miti, hata kokoto. Ninayoyazungumzia hapa ni yale yanayooza, kwa kuwa hayo ndiyo yanayochakaa na kuzua swali la lini yaondolewe na kuwekwa mengine. Mahali pakavu yanaweza kukaa muda mrefu bila kubadilika sana. Penye mvua nyingi na joto, kuvu na wadudu hawapumziki, hivyo nyasi na majani laini hutoweka ndani ya miezi michache, ilhali vipande vinene vya mbao huendelea kuwapo mwaka mmoja, miwili au zaidi. Vitalu viwili vilivyopakana, kimoja kikiwa na nyasi na kingine magome, havitahitaji huduma siku moja. Ndiyo maana kalenda peke yake haiwezi kutuambia wakati wa kuyaondoa, na kosa la kwanza la makala ile lilikuwa kuifanya kalenda kuwa kipimo.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tone kubwa la mvua, lenye upana wa milimita 5 hivi, hufika ardhini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, W. D. Ellison, alionyesha kwamba pigo hilo la tone ndilo linalovunja chembe za udongo na kuzirusha, na kwamba mmomonyoko huanza hapo, kabla hata maji hayajaanza kutiririka juu ya ardhi. Chembe zilizovunjwa huingia katika vitundu vidogo ambavyo maji na hewa vingepitia, zikaviziba, na uso wa ardhi ukafanya gamba. Mvua inayofuata haipati pa kuingilia, hivyo hutiririka, na ikitiririka huondoka na sehemu iliyo bora kuliko zote, yaani ule udongo mweusi wa juu uliotengenezwa na matandazo yaliyooza. Unaoitwa udongo unaopumua, baada ya mvua moja kubwa, huwa umezibwa pua.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya hivyo hasa ilivyoshauriwa. Nilikwangua vitalu vyote vya bustani yangu kwa siku mbili, nikatoa toroli baada ya toroli, na jioni ya siku ya pili nikasimama nikitazama bustani iliyofagiliwa kama ua wa nyumba siku ya sherehe. Usiku wa tatu mvua ilinyesha tangu magharibi hadi alfajiri. Asubuhi nilikuta mizizi myembamba ya maua iko nje, vijifereji vimechimbika katikati ya vitalu, na tabaka lile jeusi ambalo nililichukulia kuwa uchafu uliobaki limelala njiani likiwa tope. Majani ya chini ya mimea yalikuwa yamepakwa udongo upande wa chini, na baada ya wiki kadhaa madoa ya ugonjwa yalianzia hapo hapo. Jua lilipotoka, uso wa vitalu ukakakamaa, nikalazimika kuuvunja kwa mkono karibu na kila mche kwa kuhofia kukata mizizi. Ilinichukua misimu mitatu kurudisha kiasi cha rutuba iliyoondoka usiku ule, na kuna pembe moja ya bustani ambayo hadi leo haijarudi ilivyokuwa.

Hata hivyo sipendi msomaji aelewe kwamba matandazo ya zamani hayapaswi kuguswa. Lipo kosa la upande wa pili ambalo naliona kwa watu wengi zaidi, nalo ni kumwaga mapya juu ya yale ya zamani kila mwaka bila kuuliza chini kuna nini. Rangi ya magome hufifia, mtu anaona bustani imechujuka, anamwaga sentimita 5 nyingine ili ipendeze. Mwaka unaofuata anafanya vilevile. Baada ya miaka mitatu minne mimea inaishi chini ya blanketi la sentimita 15 hadi 20. Mahali penye mvua nyingi blanketi hilo halikauki kabisa. Hewa haifiki kwenye udongo, na mizizi, ambayo nayo huhitaji oksijeni kama viumbe wengine, huanza kupanda juu kuitafuta, ikajenga makazi ndani ya matandazo badala ya ardhini. Zikija wiki mbili za ukame mimea hiyo ndiyo inayonyauka ya kwanza, kwa sababu mizizi yake haikuwahi kushuka.

Mbaya zaidi ni pale matandazo yanaporundikwa kuzunguka shina la mti kama kichuguu. Gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu usiku na mchana kama gome la mzizi. Hulainika, huoza, na vimelea huingia. Wakati mwingine shina lililozikwa huchipusha mizizi mipya ndani ya kichuguu, mizizi hiyo ikazunguka shina, na kadiri mti unavyonenepa ndivyo inavyoukaba kama kamba iliyosahauliwa shingoni mwa mbuzi. Nilipoteza mti mchanga mmoja kwa namna hiyo. Majani yake yalikuwa madogo kuliko kawaida kwa muda mrefu, nami nikaendelea kuuongezea mbolea na matandazo nikidhani una njaa, mpaka siku niliyofukua shina lake kwa mikono na kukuta gome linabanduka kama ganda la kitunguu.

Kwa hiyo swali la kweli si kama tuondoe au tusiondoe. Swali ni tuondoe nini, kiasi gani, na siku gani. Na jibu la maswali hayo liko chini ya matandazo yenyewe. Ninawasihi wasomaji wafanye jambo moja kabla ya kushika reki: wapige magoti kwenye kitalu, waingize mkono, na wafungue shimo dogo hadi wauone udongo. Katika bustani yenye afya wataona kama sakafu tatu. Juu kuna vipande ambavyo bado vina umbo lake. Katikati kuna vilivyolainika, vyenye rangi ya hudhurungi, vikiwa vimeshonwa na nyuzi nyeupe za kuvu. Chini kabisa kuna kitu cheusi, chenye kumung'unyika, kinachonukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na humo mara nyingi watakuta nyungunyungu. Tabaka hilo la chini si matandazo tena. Ni mboji, na ndilo lililokuwa kusudi la kazi yote. Anayelikwangua na kulitupa anatupa mavuno yake, kisha anakwenda kutafuta mbolea.

Shimo hilo hilo huonyesha pia kina. Chukua rula au kijiti, upime kuanzia udongo hadi juu, bila kuhesabu ile mboji ya chini. Kwa mahali penye mvua nyingi, sentimita 5 za vipande vya miti zinatosha katika udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, na 7 au 8 katika udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka. Vitu vyembamba kama nyasi zilizokatwa visizidi sentimita 3 kwa mara moja, kwa kuwa hujibana na kuwa mkeka. Ukikuta 4 pale palipotakiwa 5, hakuna cha kuondoa. Utaongeza kidogo basi. Ukikuta 12, utapunguza hadi ifikie nusu, ukianzia na yale ya juu ambayo hayajaoza. Wengi watakaopima watagundua kwamba kazi waliyoiogopa ya siku nzima ni kazi ya saa moja.

Zipo hali nne ambazo katika hizo nakubaliana na mwandishi wa makala kwamba matandazo ya zamani huenda yakalazimika kutoka, na ya kwanza ndiyo isiyojulikana sana ingawa ndiyo hasa ya nchi za mvua. Matandazo yakikaa kwenye maji bila hewa, iwe kitaluni au kwenye rundo lililohifadhiwa chini ya turubai, hayaozi kama ipasavyo, huchacha. Badala ya harufu ya ardhi hutoa harufu ya siki, ya mkojo, au ya mayai viza, kutokana na asidi, amonia na gesi zenye salfa. Kipimo chake cha uchachu, yaani pH, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, kinaweza kufika chini ya 4, ilhali matandazo yaliyokomaa vizuri hukaribia kipimo cha katikati, yaani 7. Yakitandazwa yakiwa hivyo kuzunguka mimea michanga, kingo za majani huungua au majani yote hupauka ndani ya siku moja au mbili, na mwenye bustani hulaumu jua au dawa. Kwa hiyo nuseni kabla ya kutandaza. Yakinuka vibaya, yatandazwe mahali pa wazi kwa unene mdogo kwa siku kadhaa, yageuzwe, mvua iyaoshe na hewa iyapite, na harufu ikishaisha yatafaa tena. Hakuna haja ya kuyatupa. Lakini kama yamechacha yakiwa tayari kitaluni, yaondolewe siku hiyo hiyo, na itafutwe sababu iliyofanya maji yasimame, kwani mapya yatakayowekwa juu ya kidimbwi yatachacha vilevile.

Hali ya pili ni ile ya mkeka. Vipande vyembamba vilivyoshonwa sana na nyuzi za kuvu, vikipata siku za jua kali katikati ya mvua, hukauka vikawa kama paa: ukimwaga maji, yanateleza pembeni na udongo wa chini unabaki mkavu. Jambo hili huwashangaza watu wa maeneo ya mvua, kwa sababu hawategemei kukuta vumbi chini ya kitalu kilichonyeshewa jana. Mara nyingi si lazima kuondoa mkeka huo. Kuuvunjavunja kwa uma wa bustani na kuulegeza hutosha, na ukirudi kujishona kwa haraka ndipo uondolewe na kuwekwa vipande vikubwa zaidi mahali pake.

Ya tatu ni ugonjwa. Mawaridi yaliyopata madoa meusi huacha vimelea vyake katika majani yaliyodondoka, na mvua ikinyesha matone huvirusha kutoka chini kwenda kwenye majani mapya, ambako vinahitaji jani likae limelowa kwa takriban saa 7 tu ili viingie. Penye mvua za kila siku saa hizo hupatikana kila usiku. Hapo majani yaliyodondoka na tabaka la juu la matandazo yatolewe yote na yasirudishwe bustanini. Ya nne ni magugu: kama matandazo yamejaa mbegu, au yamepenywa na mizizi ya nyasi zinazotambaa, kuongeza mapya juu yake ni kuyawekea magugu kitanda kizuri zaidi.

Watu wengi wananiuliza kuhusu uyoga na ute wa manjano unaotokea ghafla juu ya matandazo baada ya mvua, wakidhani ni dalili ya kuyatupa. Si ugonjwa wa mimea. Ni viumbe vinavyokula mbao zinazooza au vijidudu vilivyomo humo, na hutoweka vyenyewe. Asiyependa kuviona avichote kwa koleo, na penye watoto wadogo au mbwa uyoga ung'olewe mara moja kwa kuwa baadhi yake ni sumu ukiliwa.

Kuhusu siku ya kuifanya kazi yenyewe, mwenye bustani katika nchi ya mvua hana anasa ya kungoja ukame wa kweli, lakini anaweza kungoja siku mbili au tatu za mapumziko. Chukua konzi ya udongo uifinye: ikibaki donge linalong'aa maji na lisilovunjika ukiligusa kwa kidole, subiri, kwa sababu kukanyaga udongo uliolowa kiasi hicho huubana, na madhara ya nyayo za siku moja hukaa muda mrefu kuliko ya matandazo mabovu. Kama lazima uingie kitaluni, weka ubao wa kusimamia. Kisha, na hili ndilo ninaloliomba kuliko yote katika barua hii, fanya kipande kwa kipande. Usifungue bustani nzima. Fungua eneo ambalo una uhakika wa kulifunika kabla ya jua kuzama, hata kama ni mita 2 za mraba tu. Mapya yawe tayari kando, juu ya turubai, kabla hujatoa ya zamani. Vuta tabaka la juu kwa reki polepole, bila kuchimba, maana mizizi midogo inayolisha mimea mingi iko katika sentimita chache za mwanzo. Matandazo yaliyolowa ni mazito kuliko yanavyoonekana, na toroli iliyojaa nusu itakufikisha mbali kuliko iliyojaa ikakwama.

Wakati huo mfupi ambapo udongo uko wazi utumike vizuri. Ndipo pa kung'oa magugu yenye mizizi mirefu, kutazama kama shina limeanza kuoza, na kutafuta mayai ya konokono na koa, ambayo yamo katika vishada vya vijiduara vyeupe au vyenye kupenya mwanga kama lulu ndogo, chini ya tabaka lenye unyevu. Kuviondoa kwa mkono siku hiyo kunapunguza kazi ya miezi ijayo. Nilipoanza kufanya hivi niliacha kabisa kuweka sumu ya koa, jambo ambalo najivunia kwa ajili ya ndege na vyura wanaoingia bustanini mwangu. Kwa wale ambao chini ya matandazo yao kuna kitambaa au nailoni ya kuzuia magugu, hapo pia ndipo watakapoona ukweli wake: baada ya miaka michache mboji hujikusanya juu ya kitambaa, magugu yanaota humo humo na kupenyeza mizizi, na udongo wa chini umebanana bila nyungunyungu. Mimi ningekitoa, nikakubali kung'oa magugu machache kwa mkono.

Jambo la afya nalieleza kwa msisitizo, kwa kuwa makala haikuligusa. Rundo la matandazo lililofunikwa kwa muda mrefu, likifunguliwa, hutoa vumbi la mbegu za kuvu, na udongo wa mboji unaweza kubeba bakteria wanaosababisha homa kali ya mapafu wakivutwa pamoja na vumbi. Rundo kavu lilowanishwe kidogo kabla ya kugeuzwa, mtu asimame upande unaotoka upepo, avae glavu na barakoa, na anawe mikono kabla ya kula au kuvuta sigara. Mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu amwachie mwingine kazi hiyo.

Yale yaliyotolewa yaende wapi? Yasichimbiwe udongoni. Mbao ambazo hazijaoza zikichanganywa na udongo, viumbe vinavyozila huchukua naitrojeni iliyomo humo ili vijijenge, mimea ikabaki na njaa na majani yakawa ya manjano. Zikikaa juu ya udongo athari hiyo huishia katika tabaka jembamba tu pale zinapogusana na udongo. Yaliyo safi yanafaa kwa njia za katikati ya vitalu, ambako yatapunguza tope, au kwa rundo la mboji yakichanganywa na vitu vibichi kama nyasi mbichi. Yenye ugonjwa au mbegu za magugu yasiingie kwenye rundo la nyumbani isipokuwa kama rundo hilo linapanda joto kweli, kufikia nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku kadhaa, na linageuzwa ili sehemu ya nje nayo ipite katikati penye joto. Marundo mengi madogo hayafiki hapo, hasa mvua inapoyapoza kila siku bila kifuniko.

Kwa mapya, penye mvua nyingi chagua vipande vikubwa vya ukubwa usiolingana, kwa sababu huacha nafasi za hewa na havisombwi upesi. Maranda na vumbi la mbao hujibana, nami siyapendekezi peke yake. Mbao chakavu zilizosagwa ziepukwe kama asili yake haijulikani, kwani mbao za zamani za ujenzi zinaweza kuwa zilitiwa dawa yenye aseniki. Nyasi kavu na mabua yaulizwe kama yalipuliziwa dawa ya kuua magugu, maana zipo dawa zinazobaki katika nyasi kwa miezi mingi, hata zikapita katika tumbo la mnyama na kutoka na samadi zikiwa bado na nguvu. Mwenye shaka aoteshe maharage machache kwenye chungu chenye udongo na nyasi hizo; majani mapya yakijikunja na kupinda, asizitumie. Kiasi si kigumu kukokotoa: mita 1 ya ujazo hufunika mita 20 za mraba kwa unene wa sentimita 5. Anayejua hesabu hiyo hatajikuta na rundo lililobaki ambalo litachacha pembeni.

Anapotandaza, aache duara tupu la sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina la mmea mdogo na angalau 15 kuzunguka mti, hadi aione sehemu ile ambapo shina hupanuka kuingia ardhini. Kwenye ukuta wa nyumba nako aache nafasi ya sentimita 15 hadi 30 ili mchwa wasipate njia iliyofichika na ukuta usikae na unyevu. Penye mteremko aanze chini akipanda juu, na matandazo yawe na nyuzi ndefu zinazoshikana. Vipande vya magome vilivyo vyepesi huelea na kuondoka na maji ya mvua ya kwanza. Kama kitalu husimamisha maji hata baada ya mvua kukatika kwa saa kadhaa, hapo kwanza ni mfereji na tuta, matandazo baadaye. Zipo aina za vimelea vya kuozesha mizizi ambavyo mbegu zake zina mikia na huogelea katika maji ya udongo, na hakuna unene wa matandazo utakaoiokoa mizizi iliyo majini.

Ndugu Mhariri, naelewa kwamba safu ya bustani ina nafasi finyu na kwamba maelekezo mafupi husomwa na wengi kuliko marefu. Hata hivyo msimu wa mvua unakaribia, na nina hakika wapo wasomaji waliokata ile makala na kuiweka pamoja na vifaa vyao wakisubiri mwisho wa wiki. Naomba gazeti lichapishe masahihisho katika toleo lijalo la safu hiyo, yakieleza kwamba kukwangua hadi udongo mtupu ni kwa vitalu vilivyochacha, vyenye ugonjwa au vilivyovamiwa na magugu tu, na kwamba hata hivyo kila kipande kilichofunguliwa kifunikwe siku hiyo hiyo. Kwa yule aliyekwisha kukwangua bustani yake yote kabla ya kusoma barua hii, asingoje magome mazuri: afunike leo kwa chochote kisicho na mbegu alicho nacho, majani makavu, makatoni yaliyotolewa gundi ya plastiki na kulowanishwa, hata magunia, ayagandamize kwa mawe, na yaliyo bora yatafuata mvua itakapopumzika.

Wako,
Msomaji na mtunza bustani